Neno Nililompa Sista

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Unachukua jambo linalokusumbua hapa Nairobi, unalitafutia maneno mawili matatu, unayagandisha pamoja bila kuacha nafasi, unafunga na kipande cha Kijerumani cha kweli, kisha unalitamka kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu. Darasa likicheka, umeshinda. Likikukodolea macho tu, chai ya siku hiyo unalipa wewe.

Neno langu la kwanza kushinda lilikuwa Nikonjianilüge. Lüge ni uongo. Kwa hivyo ni ule uongo wa "niko njiani" unaomtumia mtu ukiwa bado kitandani unatafuta soksi. Jamaa mmoja aliyependa kukaa dirishani akanijibu na Landlordschritterkennung, yaani ujuzi wa kutambua hatua za landlord kwenye ngazi kabla hajafika kwa mlango wako. Baadaye kukaja Mamambogaschulden, madeni ya mama mboga, na Stejiverwechslungsangst, ile hofu ya kushushwa usiku kwenye steji ambayo si yako. Kila Alhamisi tulikuwa na jipya. Manze, tulicheka.

Shule ilikuwa ndogo, ghorofa ya tatu katikati ya jiji, maduka ya simu chini yetu na kanisa juu yetu, kiasi kwamba mazoezi ya kusikiliza tuliyafanya huku watu wakikemea mapepo. Tulikuwa kumi na wanne. Kumi na wawili walikuwa wanaenda Ujerumani, au walikuwa wamejiambia hivyo. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira kule Berlin, na baada ya hapo kila grupu ya WhatsApp ikawa na mtu wa kukuuliza umefika A2 ama bado uko A1. Madarasa yakajaa. Watu waliacha kazi, wengine waliuza pikipiki.

Wawili tuliobaki hatukuwa tunaenda popote. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kaka yangu alinilipia ada kwa sababu nilikuwa nimekaa nyumbani miezi minane na alichoka kuniona kwa kochi. Nilikuwa na sikio zuri. Sauti za Kijerumani zilinikaa mdomoni haraka, ile kh ya kooni ambayo mtu wa Mombasa tayari anayo kwenye neno kheri, ile ü ambayo unasema i huku midomo ikitaka kubusu. Nilikuwa mzuri kwa kitu ambacho sikukihitaji. Hilo ndilo nililolielewa mwisho.

Lazima nieleze kwa nini Kijerumani kinakaribisha utani, maana si ujinga wetu tu. Ni lugha ambayo maneno yake ya kweli yanasikika kama yamebuniwa na wahuni wa kona. Glavu ni Handschuh, kiatu cha mkono. Kobe ni Schildkröte, chura mwenye ngao. Kilo unazoongeza kwa kula ukiwa na majonzi zinaitwa Kummerspeck, mafuta ya huzuni. Jimbo la Mecklenburg-Vorpommern liliwahi kuwa na sheria kuhusu kukabidhi majukumu ya kusimamia uwekaji wa lebo kwenye nyama ya ng'ombe, na jina la sheria hiyo lilikuwa neno moja lenye herufi 63. Ilifutwa mwaka 2013. Sasa wewe mwanafunzi wa B1, ukishaambiwa hivyo, utaachaje kujaribu la kwako?

Tena mchezo una kanuni, na kanuni ndizo zinazoufanya uwe mtamu. Neno la mwisho ndilo bosi. Linaamua maana kuu, linaamua pia jinsia ya neno zima, kama ni der, die ama das. Yaliyotangulia yanafafanua tu. Mara nyingine kati ya vipande viwili unachomeka s kama gundi. Mwisho ukiwa -keit, neno ni die, hakuna mjadala, na -keit yenyewe inafanya kazi ileile ya u- yetu: kutoka zuri tunapata uzuri. Mtu anayezungumza Kiswahili hafai hata kushangaa. Sisi ndio tunamwita mtoto wa kwanza kifunguamimba na wa mwisho kitindamimba. Sisi ndio tuna mdudu anayeitwa kivunjajungu. Na tutakapowatembelea ni sentensi nzima iliyojibana ndani ya neno moja, kama abiria wa saa kumi na mbili jioni.

Basi hiyo ndiyo furaha. Sasa nije kwa Sista.

Tulimwita Sista kwa sababu alikuwa nesi, miaka kumi na moja kwenye wodi za hospitali ya kaunti, mama wa watoto wawili, mkubwa kuliko sisi wote darasani isipokuwa mwalimu. Ada yake ilitoka kwa chama. Wanawake wenzake walikubali kumpa zamu ya mtu mwingine. Alikuwa na daftari moja nene na kalamu tatu: der kwa bluu, die kwa nyekundu, das kwa kijani. Siku tulipofundishwa kwamba nesi, kwa jina lao la zamani, ni Krankenschwester, yaani dada wa wagonjwa, alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. "Kwa hivyo hata huko mimi ni Sista," akasema.

Ila hakulisema hivyo. Sista anatoka upande wa Nyanza na sh yake, akiwa amechoka, inakuwa s. Alisema Krankenswester. Na darasa likafanya ile kitu tunafanya. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Watu waliinamisha vichwa, mabega yakatikisika kidogo.

Siku moja wakati wa mapumziko aliniuliza swali. "Wewe kijana wa maneno, nisaidie. Mgonjwa akiwa anakaribia kwenda, na dawa zimekwisha kufanya kazi yake, mimi huwa sisemi kitu. Navuta kiti, nakaa hapo, nanyamaza naye. Hawa watu wana neno la hiyo?"

Ningesema sijui. Ningesema tumuulize mwalimu. Lakini jamaa wa dirishani alikuwa ananiangalia, na neno lilikuwa tayari limejipanga kinywani kabla sijafikiri.

"Wako nalo, Sista. Die Beisitzschweigsamkeit."

Bei, kando. Sitz, kukaa. Schweigsam, mwenye kunyamaza. Keit, ile u- yao. Unyamavu wa kukaa kando. Lilikuwa neno zuri kuliko yote niliyowahi kubuni na halikuwa neno la mtu yeyote. Sista akatoa kalamu nyekundu. Akaliandika polepole, akanionyesha nithibitishe, nikamrekebisha herufi moja. Jamaa wa dirishani aligeukia nje, na mgongo wake ulikuwa unacheka. Nilijiambia nitamwambia Sista tukitoka. Tukitoka kulikuwa na mvua. Wiki ikaisha, nyingine ikaja, na nikaona aibu ya kusema imezidi aibu ya kunyamaza. Nafikiri uongo mwingi hukaa hivyo. Si kwamba mtu ameupanga, ni kwamba mvua ilinyesha.

Mtihani wa B1 aliokuwa anaufanya una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100 na unahitaji 60. Ukianguka moja, unarudia hiyo moja, na unailipia. Kwenye kuzungumza kuna mahali unatoa maelezo mafupi kuhusu mada, ukigusia pia maisha yako mwenyewe. Mada ya Sista ilihusu kazi. Alikuwa amejiandaa vizuri. Alipofika kwenye maisha yake mwenyewe, akawaambia watahini kwamba jambo gumu zaidi katika uuguzi si sindano wala damu. Ni Beisitzschweigsamkeit.

"Wie bitte?" mtahini akauliza. Samahani, umesemaje?

Akarudia. Mtahini wa pili naye akainama mbele, kwa adabu tu, apate kusikia. Akarudia tena. Na hapa ndipo ninaposhindwa kusamehe, maana Sista hakuwaza hata sekunde moja kwamba neno lenyewe lilikuwa bovu. Aliwaza ni ulimi wake. Aliamini ni ile s ya nyumbani imemharibia tena, kama ilivyomharibia shuleni, kama ilivyomharibia chuo cha uuguzi, kama ilivyofanya mabega yetu yatikisike. Basi akaanza kupigana na sh. Alilitamka mara nne, kila mara kwa nguvu zaidi, hadi Kijerumani kingine chote kikamtoka kichwani. Alipata 54.

Aliporudi darasani alitusimulia akicheka, kwa sababu ndivyo mtu mzima anavyofanya mbele ya watoto. "Hii sh yangu itaniua," akasema. Jamaa wa dirishani akaniangalia. Siku hiyo hakuna mabega yaliyotikisika.

Nilimwambia jioni hiyo kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, watu wakitupita. Nilimwambia lote. Alinyamaza muda mrefu, na najua sasa neno la kimya hicho halikuwa langu kulitunga. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia.

"Kumbe haikuwa sh yangu."

Kwanza alifarijika. Ni hiyo ndiyo ilinivunja. Hasira ilikuja baadaye, hatua chache chini, na hata hiyo ilikuja kwa upole: "Kijana, wewe unaichezea hii lugha kwa sababu haijakuitisha kitu."

Usiku huo, na nyingi zilizofuata, nilijitafutia utetezi. Mtu aliyesoma kidogo hakosi utetezi.

Wa kwanza ulikuwa kwamba kila mtu hufanya hivi. Wagiriki wa kale waliposikia wageni wakiongea walisikia bar-bar-bar tu, wakawaita barbaros, na hapo ndipo Waingereza na Wafaransa walipotoa neno lao la kuwaita watu washenzi. Warusi humwita Mjerumani nemets, neno lenye mzizi mmoja na neno lao la bubu: huyu ni yule asiyeweza kusema, yaani asiyesema kwetu. Waarabu walikuwa na ajam, watu ambao maneno yao hayaeleweki, na kwa kuwa jirani mkubwa wa namna hiyo alikuwa Mwajemi, neno likamng'ang'ania, likasafiri na majahazi hadi pwani yetu, na leo Uajemi imo kwenye kamusi zetu bila mtu kukumbuka kwamba ilianza kama malalamiko ya mtu ambaye haelewi anachosikia.

Utetezi huu ni wa kweli na haunisaidii. Angalia vizuri: maneno haya yote yalibuniwa na watu ambao hawakusikiliza. Waliziba masikio kisha wakamlaumu mwenye mdomo. Mimi sikufanya hivyo. Nilisikiliza Kijerumani vizuri sana. Ndiyo maana neno langu lilidanganya. Kosa langu lilikuwa jingine.

Utetezi wa pili ulikuwa mtamu zaidi, maana ulikuwa na historia. Nilijiambia kwamba kuchezea Kijerumani ni kumcheka mkubwa, na mkubwa hachekwi vya kutosha. Mwaka 1940 Charlie Chaplin alisimama kwenye filamu ya The Great Dictator akihutubia umati kwa Kijerumani cha uongo, makelele na kukohoa, na katikati ya hasira ile yote unasikia sauerkraut na schnitzel. Hakuwa anamcheka mama wa Kijerumani dukani. Alikuwa anamcheka Hitler, na mtu anayepiga kelele namna ile anastahili kusikika kama kachumbari inayofoka.

Na sisi je? Witu, hapa kwetu karibu na Lamu, ilikuwa chini ya Wajerumani kuanzia 1885 hadi 1890, wakaiachia Uingereza kwa mkataba. Tanganyika walikaa hadi vita vya kwanza vya dunia, na kati ya 1905 na 1907 walizima Maji Maji kwa risasi na njaa. Halafu kuna huyu: mwaka 1916, vita vikiendelea, Mjerumani aitwaye Emil Schwörer alichapisha kitabu akipendekeza Kolonial-Deutsch, Kijerumani kilichopunguzwa maneno na kurahisishwa sarufi, ili Waafrika wa makoloni wawe na lugha ya kupokelea kazi na amri. Miaka mitatu baadaye mkataba wa Versailles ukawanyang'anya makoloni na lugha ile ikafa kabla haijazaliwa. Niliposoma habari zake nilicheka peke yangu. Kumbe kabla yetu kuna mtu aliyetubunia Kijerumani bandia, tena yeye hakuwa anatania.

Waingereza wa kwetu walifanya vivyo hivyo kwa Kiswahili. Walowezi walikuwa na Kisetla chao, Kiswahili kisicho na ngeli, kwa kuwa ukimwamuru mpishi alete maji huhitaji upatanisho wa kisarufi. Unahitaji sauti tu. Hapo kuna somo. Mwenye nguvu akivunja lugha ya mtu, mwenye lugha ndiye atakayejitahidi kumwelewa. Asiye na nguvu akiivunja, anapewa 54.

Kwa hivyo ndiyo, kumcheka mkubwa kuna haki yake. Lakini niliporudi kwenye ngazi zile na kuhesabu nani aliumia, sikupata Mjerumani hata mmoja. Lugha yao iko salama. Ina mamilioni ya wasemaji, ina kamusi, ina pesa. Hata neno letu la kila siku, shule, lilitoka kwao, na hela pia, kutoka senti zao za Heller, na hawajawahi kuyadai. Ningeweza kubuni maneno elfu moja na Berlin isikohoe.

Na hili ndilo jibu langu kwa sasa kuhusu kama ni makosa kuchezea lugha ya watu. Tunauliza swali vibaya. Tunauliza kama utani unamuumiza mwenye lugha. Mwenye lugha kubwa haumii, na mara nyingi yeye mwenyewe hucheka kutushinda. Wa kuulizia ni mtu wa tatu, yule aliyesimama kati yako na lugha hiyo, anayeihitaji. Yeye hana namna ya kutofautisha Schildkröte na upuzi wangu, maana kwake maneno yote bado yanatoka gizani na yote ni ya ajabu sawa. Chura mwenye ngao ni kweli. Unyamavu wa kukaa kando si kweli. Angejuaje? Alikuwa na kitu kimoja tu cha kumsaidia: kuniamini.

Utetezi wa tatu aliniletea jamaa wa dirishani, na ni wa kijanja. "Buda, lakini si Kijerumani kinaruhusu? Vipande vyote ni vya kweli. Mshairi wao angeandika hilo neno wangempigia makofi." Ana pointi. Kijerumani kinamruhusu yeyote kuunganisha, na maneno mengi ya siku moja huundwa hivyo mezani, yakaeleweka, yakasahaulika. Lakini ruhusa si kitu kimoja kwa watu wote. Mshairi akisema neno jipya, msikilizaji hujiuliza amemaanisha nini. Sista akilisema, msikilizaji hujiuliza amekosea wapi. Na yeye mwenyewe hujiuliza hivyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Uhuru wa kubuni unaanzia mahali ambapo watu wameshakubali kwamba unajua. Mimi nilikuwa nimempa neno la mshairi bila kumpa leseni.

Hatuhitaji kwenda hadi Ujerumani kuliona hili. Sisi Wakenya tuna neno letu, kushrub, na tunalitumia bila huruma. Mtu akisema rara badala ya lala, samba badala ya shamba, amepatikana, video inazunguka. Mimi ni wa Kiambu. Nilipokuwa darasa la nne nilisoma sala ya asubuhi mbele ya shule nzima, l na r zikabadilishana viti, na hadi namaliza darasa la nane kuna watu waliniita kwa sala hiyo. Nilijifunza kuongea kama redio ili nisichekwe tena. Ndipo nikapata sikio zuri. Na nilipopata sikio zuri, nikakaa na wale wanaotikisa mabega.

Ukiangalia, hatumcheki Mwingereza kwa Kiingereza chake. Tunamcheka anayekitafuta. Na tunaposema ni utani tu, mara nyingi tunamaanisha kwamba sisi tumeshapita pale, ama tunaogopa kuonekana hatujapita.

Je, niache mchezo? Nilijaribu, kama toba. Sista ndiye aliyenikataza.

Alirudia sehemu moja ile, kuzungumza, na nikajitolea kufanya naye mazoezi Jumamosi, kwenye kibanda cha chai karibu na anapopandia matatu. Sikumfundisha sh. Nilimuuliza maswali kwa Kijerumani, kisha nikanyamaza hadi amalize, jambo ambalo lilikuwa gumu kwangu kuliko der na die zote. Alipotumia neno nisilolijua, nilisema silijui. Aliponiuliza neno nisilokuwa nalo, nilisema sina. Mara ya pili alipata 71. Sasa anasubiri viza, na kusubiri huko hakuna neno la kukutosha katika lugha yoyote.

Jumamosi ya wiki iliyopita alikuja na kitu. Alikuwa anatabasamu kabla ya kukaa.

"Kijana, nina la kwangu," akasema. "Nachtschichtuji."

Nachtschicht ni zamu ya usiku. Nachtschichtuji ni uji wa zamu ya usiku, ule ambao manesi hupika saa tisa alfajiri kwenye kijiko cha stima, mmoja akichungulia mlango, na ambao, anasema, ndio sababu hajawahi kuacha kazi. Alilisema polepole, kwa ile s yake nusu na sh nusu. Nilicheka hadi mwenye kibanda akageuka. Ni bora kuliko yote tuliyowahi kubuni ghorofa ya tatu. Na lilikuwa tofauti kwa sababu alijua kabisa ni la uongo; alikuwa amelijenga mwenyewe, kipande kwa kipande, na anaweza kulibomoa akitaka.

"Ni der, die ama das?" nikamuuliza, maana neno la mwisho ndilo bosi, na bosi hapa ni Mswahili.

"Der," akasema. "Uji ni Brei, na Brei ni der."

"Lakini Sista, uji si Brei. Brei ni mzito."

"Kwa hivyo ni nini? Das?"

Tulikuwa hatujaafikiana matatu yake ilipofika. Alisimama, akafungua daftari, akatafuta kalamu ya bluu, akaiangalia, akairudisha kwa mkoba. Ameliandika kwa penseli.